Gari Jeupe la Mteremkoni

Maneno ya gari jeupe yalimfikia mpelelezi akiwa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Msusi alisema kuna gari jeupe linawavizia wapanda baiskeli kwenye mteremko wa kinu cha unga. Linawagonga, linawapakia, linawachoma tumboni kwa kitu cha mviringo, kisha linawashusha hospitali likijifanya limewasaidia. Mteja wa pembeni akaongeza kwamba watoto haliwagusi, linataka damu nzito ya watu wazima. Watu wakacheka, lakini si sana.

Mpelelezi hakucheka kabisa. Kituoni walimwita Shangazi, kwa sababu alihoji watu kama shangazi anayemkagua mchumba wa mpwa wake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mtu mzima mwenye ndevu zake, fundi umeme, na kila siku kijana huyo alishuka mteremko huo kwa baiskeli kwenda kazini. Maneno ya kwa msusi yakamganda. Aliosha vyombo nayo, akalala nayo, akaamka nayo.

Alipofika kituoni akayakuta yamemtangulia.

Fundi cherehani mmoja, mtu mwenye mke na watoto, alikuwa amefariki hospitalini baada ya kuanguka mteremkoni. Aliyemfikisha hospitali alikuwa dereva mwenye gari jeupe. Watu walimwona dereva huyo mapokezi, shati limelowa damu ya fundi, wakamburuta hadi uani, wakampiga, na gari lake wakalichoma moto. Polisi walimwokoa, halafu wakamfungia wao wenyewe. Kesho yake asubuhi alitakiwa apelekwe mahakamani kwa kosa la kumgonga mtu na kumuua.

"Shangazi, jalada hili usilichokonoe," Mkuu wa kituo alimwambia. "Tuna dereva, tuna shahidi, na tuna rangi."

Shahidi alikuwa mwashi aliyeanguka mteremkoni siku chache kabla ya fundi, naye alikuwa bado wodini. Alilinyooshea gari lile kidole kupitia dirisha akasema ndilo lililomgonga. Na rangi ilikuwa kwenye baiskeli ya fundi: alama nyeupe kwenye bati la juu ya gurudumu la nyuma.

Shangazi alitaka kulikagua gari. Mkuu akamwonyesha ua wa kituo, ambako mabaki yalikuwa yamekokotwa. Kulikuwa na mabati meusi na harufu ya mpira ulioungua. Bampa lilikuwa limeyeyuka. Hapo hapakuwa na kitu cha kukagua, iwe gari lilikuwa na kovu la kumgonga mtu au halikuwa nalo.

Dereva alikuwa kwenye kona ya selo, jicho moja limefunga kabisa. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba alimkuta fundi amelala barabarani karibu na geti la kinu, baiskeli iko juu yake, uso unavuja damu, anatapika na kushika tumbo. Alimpakia. Njiani fundi alirudia neno moja tu, kwamba alifunga breki, alifunga breki jamani, halafu akaomba maji.

"Kwa nini hukumwacha ukapiga simu?"

"Angekuwa baba yako, ungepiga simu?" dereva alijibu, akageukia ukuta.

Nje, kwenye benchi la wageni, alikaa mama yake dereva na chupa ya chai mapajani. Alikuwa hajaruhusiwa kuingia. Shangazi alipopita, yule mama alimshika ukingo wa gauni lake.

"Mwanangu nilimfundisha mwenyewe, tangu mdogo. Ukimkuta mtu chini, muinue. Nieleze, nilimfundisha vibaya?"

Shangazi alimwambia anywe chai kabla haijapoa.

*

Kwa kuwa gari lilikuwa halisemi tena, Shangazi alikwenda kuwauliza majeruhi, zaidi miili yao kuliko midomo yao.

Chumba cha dharura kilikuwa na mapazia ya plastiki yaliyochanika na machela zilizopangwa hadi kwenye korido. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Alisema alikuwa akimngojea mtu wa polisi kwa muda mrefu, maana na yeye alikuwa kwenye upelelezi. Watu wazima wanaoletwa kwa ajali za baiskeli aliwachunguza wote, mmoja mmoja, ameumia wapi, alianguka vipi, alivaa nini kichwani.

"Tofauti yangu na wewe," alisema, "mimi sikupewa pingu."

Shangazi alianza na pombe, kwa sababu nusu ya kesi zake huanzia kwenye chupa. Daktari alikubali kwamba walevi wapo. Lakini walevi huja mwisho wa wiki, wameanguka kiubavu mtaroni, wanaimba. Hawa wa mteremkoni walikuja asubuhi, watu wanaokwenda kazini, midomo inanuka dawa ya meno. Na kitu kimoja kilimsumbua: hakuna aliyekuwa mgeni wa baiskeli. Wote walikuwa wameendesha miaka mingi. Waliojifunza juzi hawakuletwa hata mmoja.

Alichukua picha za eksirei akazibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likazipiga kwa nyuma.

"Gari likimgonga mtu wa baiskeli, linaanzia chini. Bampa linakutana na mguu. Nitakuta mfupa wa muundi umevunjika, au goti, au nyonga. Sasa nitafutie mguu uliovunjika hapa."

Shangazi alitafuta. Aliona vifundo vya mikono vilivyovunjika. Aliona mtulinga uliovunjika karibu na bega, kipande kimoja kimepanda juu ya kingine kama vijiti viwili. Aliona taya. Aliona meno ya mbele yasiyokuwepo. Mguu hakuuona.

"Hawa walirushwa mbele," Daktari alisema. "Walipita juu ya usukani, wakatanguliza mikono. Aliyechelewa kutanguliza mikono akatanguliza uso. Na kofia ngumu hakuna aliyevaa, maana kila mmoja alikuwa anafika hapo karibu tu."

"Na alama ya mviringo tumboni? Mtaani wanasema ni sindano ya kunyonyea damu."

Daktari alicheka bila furaha. Alikwenda kwenye kona ambako nesi aliacha baiskeli yake, akamvuta Shangazi, akamsogezea ncha ya usukani hadi ikamgusa chini ya mbavu za kushoto. Mpira wa ncha ulikuwa umechakaa, bomba la chuma liko wazi. Lilikuwa duara kamili.

"Sindano yenyewe hii. Usukani unageuka wakati mtu anarushwa, ncha inamgonga hapa. Ngozi haipasuki. Unabaki mduara mdogo, mtu anajipangusa vumbi anasema mzima. Ndani bandama imepasuka. Ndicho kilichomuua fundi cherehani."

"Kwa hiyo asingepona?"

Daktari alizivua picha dirishani moja moja kabla ya kujibu. Alisema fundi aliingia akiongea. Alilitaja jina la mtoto wake mdogo. Yeye aliutambua ule mduara mara moja, akaamuru apelekwe upasuaji, na jengo la upasuaji liko ng'ambo ya uani. Walimsukuma kwenye machela hadi mlangoni. Mlango haukufunguka, kwa sababu nje watu walijaa wanampiga dereva.

"Nilipiga kelele wanipishe. Wakaniambia daktari tulia, tunamlipizia huyo huyo mgonjwa wako. Walipotawanyika, nilikuwa nasukuma maiti."

Shangazi alitoa kitambaa akafuta uso, ingawa hakukuwa na jasho. Akaomba kuwaona majeruhi.

Wa kwanza alikuwa mwalimu, taya limefungwa kwa waya. Aliongea kwa meno yaliyofumbwa. Alikumbuka kushuka mteremko na kuona lori linachungulia kwenye geti la kinu. Baada ya hapo alikumbuka dari ya wodi. Gari jeupe je? Hakuliona. Aliambiwa. Na nani? Na wote waliokuja kumtazama, kila mmoja alikuja na chungwa na gari jeupe.

Wa pili alikuwa mwashi, yule shahidi. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya plasta hadi viwikoni, imenyanyuliwa kama mtu anayejisalimisha. Mke wake alikuwa anamlisha uji kwa kijiko.

"Lilikugonga upande gani?" Shangazi aliuliza.

"Nyuma."

"Mgongo wako hauna hata mkwaruzo."

"Sikuwa na kioo mgongoni," mwashi alisema. "Najua limenigonga, basi."

"Mumeo alikuwa mwendeshaji mzuri?" Shangazi alimgeukia mke.

"Uuu, huyo? Huyo ana baiskeli kabla hajanioa. Aliniposa na baiskeli. Alikuwa anaachia mikono yote ili nimwone."

Mwashi alimeza uji, akatazama ukutani. Shangazi alimwacha kwanza.

Alipotoka, kwenye uzio wa hospitali zilikuwa zimefungwa baiskeli za majeruhi ambazo ndugu walikuwa hawajazichukua. Alichuchumaa kwenye ya mwalimu. Gurudumu la nyuma halikupinda, bati halikubonyea. Lakini juu ya bati kulikuwa na alama nyeupe. Akaenda kwenye ya mwashi. Nayo alama nyeupe, na nyingine kwenye kiti. Alizikwaruza kwa ukucha. Zilikuwa matone. Kila tone lilikuwa na kichwa cha mviringo na mkia ulioteremka chini, kama chozi. Rangi ya gari lililogonga ingekuwa mkwaruzo, imeburutwa. Hii ilidondoka kutoka juu, taratibu, baiskeli ikiwa imesimama mahali.

Baiskeli tatu, ukihesabu na ya fundi iliyoko kituoni, watu watatu wasiojuana, matone yale yale. Zote zilikuwa za mtumba, na zilikuwa zimesimama pamoja mahali fulani, chini ya mtu anayepaka rangi.

*

Akielekea kwenye duka la baiskeli za mtumba alipitia mteremkoni. Alishuka kwa miguu hadi geti la kinu. Hapo ndipo kila mpanda baiskeli alilazimika kufunga breki kwa nguvu, kwa sababu malori ya unga hutoka bila honi. Alipokuwa amesimama, watoto wawili walishuka mbio kwa baiskeli kubwa kuliko wao, za aina ile ile ya mtumba. Lori likachungulia. Watoto wakasimama, wakalitukana lori, wakaendelea. Hakuna aliyeanguka. Shangazi alibaki anawatazama migongo. Kwa hiyo hata hapo mtaa ulikuwa umeona kitu cha kweli: watoto hawaguswi. Ila sababu haikuwa damu.

Duka lilikuwa barabara ya pili, na mlango wake ulikuwa mweupe pe, umepakwa karibuni. Mwenye duka aliitwa Mzee Kengele, na duka vilevile, kwa kuwa kila aliyenunua baiskeli alifungiwa kengele ya bure. Baiskeli zilisimama zimebanana mlangoni, chini ya kizingiti cha juu, na kadhaa zilikuwa na matone.

"Fundi wa rangi alikuwa na mkono mzito," Mzee Kengele alisema kabla hajaulizwa. "Karibu, mama. Baiskeli bila kengele ni kama mke asiyesema, siku ya kukuumiza hujui inatokea wapi."

Alikumbuka kuwauzia mwalimu, mwashi na marehemu. Alisikitika sana kwa marehemu, alikuwa mteja mwenye heshima. Na alilisikia hilo gari jeupe, bila shaka. Dunia imeharibika.

Shangazi aliomba kujaribu moja. Alikuwa ameendesha baiskeli tangu usichana wake, na alipoajiriwa alikuwa akiwapelekea watu hati za kuitwa shaurini kwa baiskeli, mvua na jua. Alipanda, akakanyaga hadi kona, akageuza, akarudi kwa kasi. Mchukuzi mmoja akatokea kwenye uchochoro na mkokoteni wa magunia.

Mkono wake wa kulia ulifunga breki wenyewe. Hakuuamuru, ulikwenda tu, kama siku zote. Kiti kikamwinua. Akaiona barabara inakuja usoni, akatanguliza viganja, kidevu kikafuata.

Mchukuzi aliuliza kama yu mzima. Shangazi alikaa chini vumbini, damu ikimtiririka kidevuni, anautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. Kisha akajikokota hadi kwenye baiskeli, akaisimamisha, akainua gurudumu la mbele na kulizungusha. Akabana breki ya mkono wa kulia. Gurudumu la mbele likasimama palepale. Akabana ya kushoto. Ya nyuma.

Baiskeli alizozijua yeye, alizozijua mwalimu na mwashi na fundi, zilikuwa kinyume. Mkono wa kulia ulifunga gurudumu la nyuma. Mtu akiendesha hivyo miaka mingi mkono hauulizi tena kichwa. Mahali tambarare, akienda polepole, hatagundua kitu, atashangaa kidogo tu. Lakini kwenye mteremko, lori likichungulia, mkono wa kulia unabana kwa nguvu zote kitu ambacho hakipaswi kubanwa hivyo. Mtoto aliyejifunzia baiskeli hizi hizi mkono wake haukuwa na mazoea ya zamani ya kumdanganya.

Alirudi dukani akichechemea. Mzee Kengele alikuwa ameshika kitambaa safi, anampa.

"Huko zinakotoka ndivyo zinavyofungwa," alisema. "Wenzetu wana taratibu zao."

"Ulikuwa unajua?"

"Mama, mtu akinunua viatu huwa unamwambia hiki cha kulia hiki cha kushoto?"

"Nimeuliza kama ulijua."

"Hakuna aliyeniuliza."

Shangazi hakukipokea kitambaa. Alitazama nyuma ya meza, ambako baiskeli ya Mzee Kengele mwenyewe iliegemea ukuta. Ilikuwa ya mtumba kama nyingine. Waya wa breki ya kulia ulitoka kwenye usukani, ukavuka upande wa pili, ukafuata bomba hadi gurudumu la nyuma. Wa kushoto ulishuka mbele. Ilikuwa imegeuzwa.

"Hii ya kwako nani aliigeuza?"

Mzee Kengele alianza kuipangusa kengele iliyokuwa mezani.

"Kuigeuza kunachukua muda?"

"Si sana," alisema. "Chai haiwezi kupoa."

"Basi hawa wote ungewageuzia kabla chai haijapoa."

"Na wangesema nawauzia vitu vilivyochokonolewa. Mtu anataka ya kutoka nje ikiwa vilevile ilivyotoka."

Nje ya duka Shangazi alimpigia simu mwanawe. Alimuuliza breki ya kulia ya baiskeli yake inafunga gurudumu lipi. Kijana alisema la mbele, nalo lilimshangaza mwanzoni, nusura limtupe, lakini sasa amezoea.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza, mama?"

Shangazi alikata simu. Alisimama kidogo ameegemea mlango mweupe, kisha akarudi hospitali.

*

Mwashi alipomwona na kidevu kilichochubuka aligeuzia uso dirishani. Shangazi alivuta kiti akakaa karibu na kitanda, akamwonyesha viganja vyake viwili, vimechubuka mahali palepale ambapo vya mwashi vilivunjika.

"Nimeanguka," alisema. "Mbele ya watu. Hakukuwa na gari."

Mke aliacha kukoroga uji.

"Kesho asubuhi yule dereva anapelekwa mahakamani kwa ushahidi wako. Mama yake yuko kwenye benchi letu. Nataka uniambie wewe, kabla sijasema mimi."

Mwashi alizungumza akitazama plasta zake. Alisema alijua akiwa bado hewani. Alipobana tu na kiti kikamwinua, akajua ni breki, na akajiona mjinga kabla hajafika chini.

"Mtu mzima mimi. Nimepanda baiskeli kabla sijaota ndevu. Nirudi kazini niwaambie vijana nimeangushwa na breki? Nilipofika hapa mtu akaniuliza, gari jeupe nini? Nikanyamaza. Wakasema masikini, ndilo. Wakanipa pole. Wakanisogezea kitanda cha dirishani." Alimeza mate. "Siku ile lilipoingia gari jeupe na fundi yuko ndani na damu, wakanigeukia wote. Ndilo? Na mimi nilishasema."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ndilo."

Mke alikiweka kijiko kwenye bakuli, bakuli akaliweka juu ya kabati ya kitanda, mbali kidogo. Akajitanda khanga yake.

"Jilishe," alimwambia, akatoka.

*

Mkuu wa kituo alisikiliza yote amefumba macho. Aliuliza kama Daktari atasimama mahakamani aseme habari ya miguu. Atasimama. Aliuliza kama mwashi atakana maneno yake. Ameshakana, mbele ya nesi na ya Daktari. Akauliza kama kuna sheria inayomlazimisha mtu kuuza breki upande fulani. Shangazi akasema hajaiona.

"Basi Mzee Kengele tutamwonya. Na huyo mwashi kwa kusema uongo nitamtia pingu wapi, kwenye plasta?"

"Waliochoma gari? Waliouziba mlango wa hospitali?"

"Hao hawajulikani."

"Mkuu, hao ndio wanaoniuzia nyanya."

"Nimesema hawajulikani," Mkuu alisema, akapiga muhuri karatasi ya kumwachia dereva.

Walimtoa mahabusu siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama. Getini palikuwa na watu. Wengine ni walewale waliompiga, na mmoja alipiga makofi akasema haki imetendeka. Jicho la dereva lilikuwa limefunguka kidogo, lakini kwa jicho hilo, alisema, alikuwa anaona weupe tu kama maziwa. Mama yake hakulia. Alimmiminia chai iliyopoa zamani, akamngoja amalize, akafunga chupa. Gari hawakuwa nalo tena, kwa hiyo waliondoka kwa miguu. Shangazi akawasindikiza, kwa kuogopa watu.

Karibu na geti la kinu walisikia kengele ya baiskeli ikilia mfululizo, halafu kishindo. Mwanaume mmoja alikuwa amelala katikati ya barabara, uso chini, gurudumu la nyuma bado linazunguka hewani. Lori la unga lilikuwa limesimama na dereva wake anachungulia dirishani, hashuki. Watu wa ng'ambo waliangalia, na wao hawakuvuka.

Dereva alisimama. Bega lake lilianza kuinama, kama mtu anayetaka kuokota kitu. Mama yake akamshika mkono juu ya kiwiko.

"Twende, baba. Pita huku."

"Mama, yule mtu."

"Nimemwona. Pita huku."

Wakapita upande wa ukutani. Mama alikuwa amemziba mwanawe kwa mwili wake asiangalie, na hakugeuka hata mara moja, yule mama wa benchi, aliyeuliza kama alifundisha vibaya.

Shangazi alikimbia peke yake na kidevu chake kilichochubuka. Alimgeuza yule mtu. Alikuwa anapumua, analalamika mkono, anasema hajaumia sana, wamwache akae kidogo aende zake. Shangazi alimfungua vifungo vya shati. Chini ya mbavu za kushoto ulikuwepo mduara mdogo, mwekundu, na ngozi haikupasuka. Akampigia Daktari aandae upasuaji, na akamwambia dereva wa lori, huku ameshika kitambulisho chake mbele ya kioo, kwamba ama atambeba huyu mtu au atalala selo.

Siku iliyofuata kipande cha boksi kilifungwa kwa waya kwenye geti la kinu. Maandishi yalikuwa ya mkono wa Shangazi, makubwa, ya rangi nyeupe, na yalisema hivi:

MAMBO YA KUEPUKA

Usipande baiskeli ya mtumba wala ya kuazima kabla hujainua gurudumu na kujua mkono upi unafunga la mbele.

Usibane breki ya mbele peke yake mteremkoni.

Usiache kofia ngumu nyumbani eti unafika hapo karibu.

Usiendeshe ukiwa umekunywa.

Usiendeshe na ncha ya usukani isiyo na mpira.

Usukani ukikugonga tumboni, usijipanguse vumbi ukaenda zako, hata kama ngozi ni nzima. Nenda hospitali.

Usione aibu kusema umeanguka.

Usiseme "ndilo" kwa gari ambalo hukuliona.

Usisimame kwenye mlango wa hospitali kama huumwi.

Usimpige aliyemleta mgonjwa.

Na wewe mzazi, usimfundishe mwanao kupita upande wa ukutani.